Wanaume Wawili Kwenye Bahasha Moja

"Hicho kidude kitoe usoni kwangu, nakula."

Fundi friji alisema hivyo bila kuinua macho kwenye sahani. Mkewe akabonyeza. Kamera ikalia.

"Nimesema nini?"

"Nimesikia."

"Mtu mzima unacheza na vitu vya watoto."

Mkewe akasogeza filamu kwa picha nyingine. Kamera ile alikuwa akishinda nayo shingoni alipokuwa msichana wa shule ya msingi, kisha maisha yakaingilia, akaisahau kabisa. Juzi juzi kaka yake aliikuta akisafisha stoo ya marehemu mama yao, akaipeleka kutengenezwa, akamletea. Siku aliyoishika, vidole vilijua vyenyewe pa kwenda. Tangu hapo, akitoka kupiga pasi kwa dobi alikoajiriwa, anapiga picha: mashati kwenye kamba, watoto wa jirani, mumewe karakana, mumewe mezani. Filamu ikijaa anaipeleka kwa mzee mmoja mwenye studio ambaye bado anasafisha picha za kizamani.

Jumamosi alikuwa bafuni meseji ilipoingia. Fundi akaifungua.

"Picha zako ziko tayari, mama. Kuna moja nimeipenda sana. Njoo tuiangalie pamoja."

Mkewe alipotoka na taulo, simu ilikuwa inamsubiri usawa wa pua.

"Tuiangalie pamoja. Wewe na nani?"

"Na mwenye studio. Nipe simu yangu."

"Anakuita mama, kumbe anakutaka."

"Mzee yule ana wajukuu."

"Wajukuu hawamzuii mtu."

"Basi nenda ukamuulize mwenyewe."

"Naenda. Na nikirudi, hiyo kamera naivunja."

"Ivunje. Utanikuta nimefunga begi."

Fundi aliingia studio bila salamu.

"Nimefuata picha za mke wangu. Anza na hiyo uliyoipenda."

Mzee alishusha miwani kutoka kwenye paji la uso, akamwaga bahasha juu ya kaunta.

"Hii hapa. Hebu ona kicheko hicho."

Ilikuwa picha ya mwanaume ameegemea friji lililofunguliwa mgongo, mdomo wazi, mteja amemshika bega, wote hawajiwezi kwa kucheka.

"Halafu kuna huyu mwingine," mzee akaendelea, akipanga picha nyingine pembeni. Mwanaume mezani, uso umekunjwa. Mwanaume kwenye kochi, macho ukutani. Mwanaume mlangoni, mgongo tu. "Nilitaka kumuuliza mama, hawa ni ndugu? Wanafanana mno. Ila huyu wa nyumbani kama amelishwa ndimu."

Fundi aliziinamia picha. Mzee akamtazama vizuri.

"Na wewe ni yupi?"

Fundi alirudi nyumbani na bahasha mkononi. Begi lilikuwa mlangoni, mkewe amekaa kitandani na viatu miguuni. Fundi akazitupa picha kwenye shuka.

"Umenidhalilisha kwa watu."

"Nimepiga nilichokiona."

"Ulinivizia."

"Nilisimama mbele yako. Hukuinua macho." Akaokota ile ya kicheko. "Huyu ndiye aliyenioa. Humu ndani haji tena. Ilibidi nimfuate karakana, nihakikishe bado yupo."

"Kule nawachekea wateja. Ni kazi."

"Kwa hiyo na mimi nije na friji bovu?"

Mdomo wa Fundi ulitaka kucheka, lakini hasira ikauwahi.

"Unajua kwa nini sicheki humu? Hukumbuki ulichosema nyumbani kwa kaka yako?"

"Nilisema nini?"

"Wadogo zako walikuwa wanasifia waume zao. Huyu mhasibu, huyu daktari. Wewe ukasema umeolewa na bisibisi. Mkacheka wote. Nilikuwa mlangoni, nimebeba kreti ya soda."

Mkewe akaiweka picha chini.

"Ulisikia."

"Nilisikia. Nikaingia, nikawagawia soda."

"Ulikuwa utani."

"Kwako."

"Mbona hukusema?"

"Niseme nini? Bisibisi inaongea?"

Mwanamke akavua kiatu kimoja, akabaki amekishika.

"Wao walikuwa na vyeo vya kutaja," akasema. "Mimi nilichokuwa nacho ni mume anayenichekesha mpaka naumwa mbavu. Ningesema hivyo wangeniona mjinga. Nikakimbilia utani, nikakukanyaga. Nisamehe."

"Usidhani yameisha."

"Sijasema yameisha. Na wewe umeniadhibu muda wote huo bila kuniambia kosa langu. Nilikuwa nadhani umenichoka. Nilikuwa nalia kwa dobi, naangusha machozi kwenye mashati ya watu."

Fundi akashuka, akakaa sakafuni. Hilo hakulijua.

"Na mzee wa watu umemtukana," mkewe akaongeza.

"Yeye ndiye kanitukana mimi."

"Alisema nini?"

"Muulize mwenyewe."

Simu ya mkewe ikalia. Ilikuwa meseji ya kaka yake.

"Niko hapo barabarani kwenu. Begi liko tayari?"

Akaandika: "Rudi tu, kaka."

"Shemeji amekuomba msamaha?" kaka akauliza.

Alimtazama mumewe. Alikuwa amekaa sakafuni, mgongo kwenye kitanda, anazipitia picha moja moja, akinung'unika kwamba hii imemkuza paji la uso, na ile ya kochi ni ya uonevu mtupu.

"Bado," akaandika. "Tunagombana. Ila leo tunagombana wote wawili."