Ukuta Uliobisha

Injinia aligonga ukuta mara moja, kompyuta ikasikia mara mbili.

Akadhani ni mwangwi. Kazi yake ndiyo hiyo: kugonga majengo makuukuu kwa nyundo ndogo, kinasa sauti kikiwa kimebandikwa ukutani, huku kompyuta aliyoifundisha kwa maelfu ya milio ikimwambia palipo pazima, penye ufa na penye mvungu. Wenzake walimwita Sikio. Tangu mkewe afariki, hata hao walikuwa wameacha kumpigia simu.

Wapangaji wote walikwisha kuhama ghorofa lile alilokuwa akilipima, isipokuwa bibi mmoja wa chumba cha pembeni. Alikuwa amesimama mlangoni akimtazama.

"Shikamoo, bibi. Kuna mtu upande wa pili?"

"Marahaba, mwanangu. Upande wa pili ni hewa tupu. Ukuta wa nje huo." Akashusha sauti. "Fanya kazi yako uende. Ila akikubishia, usimwitikie."

"Nani?"

"Jina lake silijui. Mume wangu alipozikwa, alinijia humo ukutani kwa kikohozi cha marehemu. Nikaitika. Wanangu wamenibembeleza nihame mpaka wamechoka. Nitamwachaje?"

Sikio akacheka kidogo, kicheko cha adabu, akagonga tena.

Safari hii jibu lilikawia, kisha likaja, mbili za haraka, moja ya pole, na akaiweka nyundo chini, maana ndivyo mkewe alivyokuwa akigonga ukuta wa chumbani alipougua hadi sauti ikamkauka, akitaka maji, au ageuzwe, au aje tu mtu akae naye. Na hapo ikapanda harufu ya shuka la mgonjwa na dawa ya kuchua, mchana kweupe, kwenye sakafu isiyo na hata mkeka, na kwenye kioo cha kompyuta mstari wa sauti ukaendelea kuruka ingawa hakuna aliyegusa kitu, na kila uliporuka mashine iliandika neno lile lile, mvungu, mvungu, mvungu.

"Mwanangu, usi—"

Sikio alikuwa ameshaweka shavu ukutani. "Nipo," alinong'ona. "Nipo, mke wangu."

Kimya. Harufu ikakatika. Bibi akamsukuma kando, akagonga kwa kiganja, akagonga kwa ngumi, akatega sikio.

"Ameondoka," akasema, machozi yakimtiririka. "Umenichukulia, mwanangu. Mimi sasa nitakaa na nani?"

Sikio alikusanya vyombo vyake akashuka ngazi, na kilio cha bibi kikamsindikiza hadi barabarani.

Jioni, nyumbani kwake, alikaa kitandani bila kuwasha taa. Haukupita muda. Mbili za haraka, moja ya pole. Akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu msiba, akanyoosha mkono ajibu.

Kabla hajagusa, ukuta wa nyuma yake nao ukabisha. Kisha dari. Kisha kitanda alichokalia.