Vipimo kwa Sauti

Duka la vitambaa la jumla, Jumatatu asubuhi, si mahali pa kumkuta mtu wa kumpenda. Ni mahali pa kupigana viwiko na kukanyagana vidole kwa ajili ya bitana nyeusi kabla haijaisha. Fundi alikuwa amesimama kwenye foleni nusu saa nzima, gauni lake la kijani limeanza kulowa mgongoni, na mbele yake kulikuwa na mwanamume mrefu aliyeshikilia kaunta kama vile ni yake. Hakuwa akinunua kitu. Alikuwa akimhoji muuzaji. Wateja wako wengi ni akina nani? Huja siku gani? Na yule asiyerudi, huwa anakwenda wapi?

"Kaka," Fundi akamwambia, "unanunua au unaandika kitabu?"

Mwanamume akageuka. Alikuwa na macho mapole na tabasamu la mtu aliyejijua kakosea. Lakini Fundi hakuanza na macho, alianza na koti. Miaka kumi na minne ya kushona ilikuwa imemharibu, hakuweza kumwona mtu kabla ya kuiona nguo yake.

"Na hilo koti nani kakushonea? Mkono wa kushoto umezidi wa kulia inchi nzima. Bega nalo limekukimbia kabisa."

Alisema kwa sauti yake ya kawaida, na sauti ya kawaida ya Fundi inasikika mtaa wa pili. Foleni nzima ikaangua kicheko. Mwanamume naye akacheka, akavua koti taratibu, akalikunja juu ya mkono na kumpisha apite mbele. Fundi akadhani ni joto.

Kesho yake, koti na mwenyewe wakafika dukani kwa Fundi.

Duka lenyewe lilikuwa chumba kimoja kinachotazama barabara, chenye cherehani tano, meza ndefu ya kukatia, kioo kimoja na benchi la wateja wanaosubiri. Pembeni ya meza alikaa Shangazi, dada wa marehemu baba yake. Ndiye aliyemfundisha Fundi kushika mkasi, na ndiye aliyeandika vipimo kwenye daftari kubwa la jalada jekundu. Ngurumo za cherehani zilikuwa zimemchosha masikio, kwa hiyo Fundi alipima huku akiita: kifua hiki, kiuno hiki, nyonga hizi. Shangazi akaandika. Na kwa kuwa mdomo wa Fundi haukujua kukaa bure, kila kipimo kilipata utani wake. Ndivyo walivyofanya kazi tangu zamani, na nguo ya duka lile haikuwahi kumbana mtu wala kumpwaya.

Mkono wa koti ulirekebishwa siku moja. Mwenye koti alirudi siku nne. Kazi yake ilikuwa kuzunguka kwenye biashara ndogondogo, kuchunguza zinamuuzia nani na kwa nini, kisha kuziandikia ripoti. Shangazi akambandika jina la Bwana Maswali, na jina likaganda. Mwezi wa pili ulipoingia, simu ya Fundi ilikuwa inalia kila saa sita mchana bila kukosa.

"Umekula?"

"Nina suruali tatu hazina pindo. Nitakulaje?"

"Pindo halikimbii, Fundi wangu. Wewe ndiye unayekikimbia chakula."

"Kwa hiyo maswali yamekwisha, umeanza amri?"

"Limebaki moja. Nimelihifadhi."

Fundi alikata simu akicheka peke yake, na mafundi wenzake wakakanyaga cherehani huku wakitazamana.

Lakini kicheko hicho kilikuwa na kivuli nyuma yake. Duka waliachiwa wawili na baba yao, yeye na kaka yake, na kaka yake alikuwa dalali wa nyumba, mtu asiyeweza kukiona chumba bila kukipangisha. Wateja walikuwa wanapungua mwaka wa pili sasa. Kaka akatoa kauli yake bila kupepesa macho: mwisho wa mwezi cherehani ziuzwe, na chumba kiende kwa wauza simu. Fundi akamwomba jambo moja tu, Bwana Maswali aikague biashara kwanza. Kaka akakubali, kwa sharti kwamba ripoti apewe yeye pia.

Fundi mwenyewe hakuwa na shaka na sababu. Nguo za dukani, zile zinazoning'inia zikiwa tayari, ndizo zilizomwibia watu. Alishapanga kushusha bei na kupaka rangi kibao kipya.

"Umewauliza waliohama?" Bwana Maswali akataka kujua.

"Niwaulize nini? Waliokwenda wamekwenda."

Akaazima daftari jekundu, akatoa majina kumi na tisa ya watu walioshona pale miaka mingi kisha wakapotea, akaanza kuwafuata mmoja mmoja, majumbani na makazini. Ilimchukua wiki mbili. Na katika wiki hizo simu ya saa sita ikabadilika. Ilikuja, lakini fupi, na utani wake ulikuwa wa kujilazimisha. Fundi aliliona hilo na hakutaka kuuliza kwa nini.

"Umegundua nini?"

"Bado naandika."

"Nguo za dukani, siyo? Si nilikwambia?"

"Fundi wangu, tukae tuongee kabla ripoti haijasomwa Jumamosi. Sisi wawili."

"Kazi imenifika shingoni, mpenzi. Tutaongea hiyo hiyo Jumamosi. Kama unanipenda, niletee ripoti nzuri."

Akajibu sawa. Angekataa, wangeepuka mengi.

Ijumaa akaleta bahasha, akaiweka kwenye meza ya kukatia na kumwomba aisome jioni ile ile. Fundi alikuwa na pini kinywani, akaitikia kwa kichwa. Ndani ya saa moja bahasha ilikuwa chini ya jora la kitambaa cha buluu, na huko ndiko ilikolala.

Jumamosi asubuhi Kaka alikuja amevaa shati jeupe lililonyooka, na nakala yake ya ripoti mkononi. Wateja wawili walikuwa kwenye benchi wakisubiri. Bwana Maswali akamwuliza Fundi kwa macho kama amesoma, Fundi akamkonyeza tu. Kaka akaanza kusoma kwa sauti ya juu, maana Shangazi alikuwepo na masikio yake yanajulikana.

Ukurasa wa kwanza ulikwenda vizuri. Ushonaji ulisifiwa, na bei hakuna aliyeilalamikia. Fundi akaanza kunyoosha mgongo.

"'Kumi na wanne kati ya kumi na tisa,'" Kaka akasoma, "'wameondoka kwa sababu ya mwenye duka. Huita vipimo vya miili yao mbele ya watu, na huwatania. Mmoja anasema alitoka hapa akilia. Mwingine huzunguka mtaa mzima ili asipite mlangoni.'"

Mashine zilinyamaza moja baada ya nyingine. Wale wawili kwenye benchi wakaanza kuvitazama viatu vyao. Kaka alipunguza mwendo lakini hakuacha, akaendelea mpaka mstari wa mwisho, na Fundi alisimama pale uso ukimwaka, futi ikining'inia shingoni, hajui mikono aiweke wapi.

"Umekuja hapa kila siku," akamwambia Bwana Maswali. Kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo. "Umekunywa chai yangu. Ukashindwa kuniambia?"

"Nilijaribu. Bahasha niliileta jana ili wewe—"

"Umenipima mbele ya watu."

Bwana Maswali akasema taratibu, "Ndivyo walivyohisi na wao."

Kweli ilikuwa kweli, lakini hapakuwa na saa mbaya zaidi ya kuisema. Fundi akaufungua mlango wote na kumwonyesha barabara.

Bwana Maswali alipiga simu jioni ile, akapiga Jumapili, akapiga Jumatatu saa sita kamili. Fundi aliitazama simu ikitetemeka juu ya meza kati ya chaki na mkasi, akaiacha itetemeke. Alikuwa na hasira naye, na alikuwa na hamu naye, na hasira na hamu zilimnyima usingizi kwa zamu. Siku ya nne Shangazi akafunga daftari jekundu.

"Kwa hiyo ni haya masikio yangu, mwanangu."

"Hapana, Shangazi. Ni huu mdomo wangu."

Alipolisema hilo akajisikia mwenyewe, na mchana ule ule akavua aproni na kwenda shuleni kwa Mwalimu Mkuu, mmoja wa wale kumi na wanne, mama aliyeshona kwake miaka sita kisha akatoweka. Alimkuta ofisini ndani ya gauni la dukani lililombana kifuani na kupwaya kiunoni. Mkono wa Fundi ukawasha. Akauma ulimi.

"Siku ile kwenye benchi alikuwepo mzazi wa mwanafunzi wangu," Mwalimu akamweleza, bila ukali wowote. "Ulisema nimeongezeka inchi tatu, ukaniuliza hapa shuleni nasimamia watoto au nasimamia jiko. Wiki iliyofuata darasa zima la tano lilikuwa linaniita Inchi Tatu."

"Mpaka leo?"

"Mpaka leo."

Fundi aliukumbuka utani ule. Aliukumbuka vizuri sana, kwa sababu siku ile watu walicheka na yeye akaenda nyumbani ameridhika. Sasa alitamani sakafu immeze. Aliomba msamaha bila kujitetea, na Mwalimu akasema amemsikia, basi. Fundi alipofika mlangoni akaitwa.

"Yule kijana wa maswali nilimwuliza kwa nini anajisumbua hivi na sisi. Akaniambia na yeye aliwahi kuvua koti mbele ya foleni."

Njia nzima ya kurudi Fundi hakuona watu wala magari. Alikuwa analiona koti likivuliwa taratibu, likikunjwa, na mwenyewe akicheka pamoja na waliomcheka.

Jioni hiyo akachukua bitana nyeusi aliyoinunua siku ile ile ya foleni, akashona pazia refu na kulitundika kwenye kona ya kioo. Kuanzia kesho yake alipima nyuma ya pazia, kimya, akaandika namba kwenye karatasi, akamwonyesha mwenye mwili wake kwanza, ndipo karatasi ikaenda kwa Shangazi. Mara mbili siku ya kwanza utani ulimfika kwenye meno, akaumeza. Akawafuata na wale kumi na watatu waliobaki. Wengine walimkaribisha, wengine walimsikiliza wakiwa wamesimama, mmoja alifunga mlango. Kaka aliambiwa yote, akajibu kwamba mwisho wa mwezi ni mwisho wa mwezi.

Zilipobaki siku tatu, saa sita mchana, Fundi ndiye aliyepiga.

"Kwa nini hukuniambia kwamba siku ile ya koti nilikuumiza?"

"Nilitaka kurudi kukuona. Mtu anayetaka kurudi hasemi kimemuuma wapi."

"Na mimi je? Mimi nilitakiwa kuumia mbele ya wateja?"

"Hapo nilikosea. Niliuogopa uso wako, nikaipa karatasi kazi iliyokuwa yangu. Nisamehe."

"Sijakusamehe bado."

"Nitasubiri."

"Usisubiri kwenye simu," Fundi akasema, akakata.

Siku ya mwisho ikafika. Kaka aliingia saa tatu akiwa na mnunuzi wa cherehani, mzee mmoja aliyezungusha magurudumu kwa kidole na kuguna. Kati ya wale kumi na wanne walikuwa wamerudi wanne tu. Fundi alipiga pasi suruali ambayo ilishapigwa pasi. Mnunuzi alikuwa amefika mashine ya tatu wakati Mwalimu Mkuu alipotokea mlangoni, na nyuma yake walimu watatu.

Hakusalimia sana. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya pazia. Fundi akapima, akaandika, akamkabidhi karatasi, moyo ukimwenda mbio kuliko mashine yoyote mle ndani. Mwalimu aliitazama ile namba muda mrefu.

"Imeongezeka nyingine moja," akanong'ona, na mabega yake yakaanza kutikisika kwa kicheko. "Iandike hivyo hivyo. Tuko walimu kumi na wawili, tunataka suti za rangi moja. Hawa watatu wamekuja kuhakikisha kama kweli siku hizi unanyamaza."

Kaka alilisikia hilo la kumi na wawili. Alimshika mnunuzi mkono, akamsindikiza nje kwa heshima, aliporudi akasema miezi sita, halafu wataangalia tena. Kwa mtu kama Kaka, hiyo ilikuwa sawa na kukumbatiwa.

Fundi alikuwa akifuta machozi kwa ncha ya futi alipoita anayefuata. Mwishoni mwa benchi akainuka mwanamume mrefu, koti likiwa limekunjwa juu ya mkono. Kumbe alikuwa amekaa zamu yake kama mteja mwingine yeyote. Akaingia nyuma ya pazia, na kona ile ikawa ndogo ghafla.

Fundi akampima kifua. Akampima mgongo.

"Unataka nini?" akanong'ona.

"Koti jipya. La harusi."

Futi ikasimama begani. "Ya nani?"

"Hilo ndilo swali nililolihifadhi." Akalikunjua koti, akalikunja tena, mtu mzima na maswali yake yote. "Utakubali nikuoe, Fundi wangu?"

Fundi aliandika namba ya bega, ikatoka imepinda. Bado kulikuwa na donge, na alitaka litoke kabla ya kingine chochote.

"Siku nyingine ukiwa na neno linalonihusu, uniambie mimi kwanza. Tukiwa wawili."

"Si ndiyo nimekuambia," akasema. "Na tuko wawili."

Alimtazama. Aliyatazama yale macho mapole ambayo siku ya kwanza aliyaruka kwa ajili ya koti. Kisha akalishika pazia, akalivuta likafunguka lote, mbele ya Kaka, walimu na benchi zima, na kwa sauti ile ya zamani inayosikika mtaa wa pili akaita:

"Shangazi, andika! Nimekubali!"

Shangazi akavaa miwani, akafungua daftari jekundu kwenye ukurasa mpya, akalamba ncha ya kalamu na kuuliza ni inchi ngapi.