Damu ya Twaiba

"Ndovu kwa Kasa. Gari limepita Msambweni."

"Ninaliona," alijibu Kahaso, ambaye redioni aliitwa Kasa.

Alikuwa nyuma ya gari hilo, juu ya Yamaha nyeusi. Prado nyeupe ilikuwa inachanja mbuga kuelekea Ukunda. Ndani alikuwamo Daktari Voss na kasha la baridi, limejaa damu ya akina mama wa Kwale.

"Usimguse," mkuu wake alisema sikioni. "Tunamtaka na mnunuzi."

Usimguse. Juma lililopita pia aliambiwa atulie.

Kahaso alikuwa amejipenyeza kwenye kituo cha utafiti cha Voss, akijifanya msaidizi wa maabara. Kituo kilichunguza kwa nini mama mmoja aliyejifungua akiingiwa na maambukizi kwenye damu hupona, na mwenzake, kwa dawa zile zile, hufa. Jibu lilikuwa kwenye jeni alizozaliwa nazo, na kwenye viashiria vya damu vinavyopanda kabla mgonjwa hajazidiwa.

Elimu ya kuokoa watu. Voss alikuwa akiiuza ng'ambo kwa siri. Wodini hakupeleka jibu hata moja.

Kahaso ndiye aliyemshika mkono Twaiba, mmoja wa akina mama hao, sindano ilipoingia.

"Itakusaidia, dada," alimwambia.

Jibu la Twaiba lilitoka jekundu. Hatari. Kahaso aliliona kwenye kioo cha mashine, akampigia mkuu wake.

"Ukisema, watakujua. Nyamaza."

Akanyamaza.

Twaiba alizikwa Bodo. Aliacha mtoto mchanga.

Prado iliingia uwanja wa ndege mdogo wa Ukunda. Cessna ilikuwa inanguruma. Mwanamume mwenye suti ya kitani alishuka ndegeni, akanyoosha mikono apokee kasha.

"Sasa!" mkuu aliamuru sikioni.

Glock ya Kahaso ilibweka. Tairi la ndege lilipasuka. Askari kanzu walimvamia mnunuzi kabla hajageuka.

Voss alitimua mbio na kasha lake.

Hakufika mbali. Kahaso alimpiga ngwala, akamlaza kifudifudi, akamtia pingu.

Voss aligeuza shingo. Akamtambua.

"Kumbe ni wewe! Jibu la yule mwanamke uliliona. Nilihofu utamwambia daktari wa wodi. Mbona hukusema?"

Kahaso alikaza pingu.

"Kazi safi, Kasa," mkuu alisema. "Gari linakungoja Tiwi."

"Lingoje."

Alichomoa kidude cha sikioni, akawasha pikipiki, akarudi kusini.

Maimuna, mamake Twaiba, alikuwa uani kwake Bodo, mjukuu kifuani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Wewe ndiwe uliyekuwa ukimtazama Twaiba wangu. Mwenyezi Mungu akulipe."

Kahaso hakuketi.

"Mama, usiniombee. Kipimo kilionyesha yuko hatarini. Nilikiona, nikanyamaza."

Mkono wa Maimuna uliokuwa ukimpapasa mtoto ulisimama.

"Ulinyamaza?"

"Niliamriwa. Nami nikatii." "Huyu mtoto huenda amerithi udhaifu wa mamake. Akipata homa, hata ndogo, usingoje kupambazuke. Mkimbize hospitali. Waambie mamake alikufa kwa maambukizi ya damu."

Maimuna alimfunika mtoto vizuri.

"Leo ndipo unasema."

"Ndiyo, mama."

Mtoto alianza kulia. Maimuna aliinuka, akaingia naye ndani, akafunga mlango.

Kahaso alivaa kofia yake, akatembea taratibu hadi kwenye pikipiki. Hakuna aliyemwambia karibu tena.