Majina ya Majaribio

— Hiyo namba ya Ishiara haiko, dada. Jaribu ingine.

Kagwiria alimweka opereta wa simu za hospitali kwenye laini. Alishusha kidole kwenye skrini. Mdogo wake, Igoki, alikuwa wodini. Alikuwa amejifungua salama, lakini damu ilikataa kukatika, na friji ya hospitali haikuwa na damu ya aina yake. Walibaki wachangiaji, na majina yao yalikuwa ndani ya kompyuta hii anayoitunza Kagwiria mwenyewe.

Njura wa Ishiara, hayuko. Mbaka wa Runyenjes, hayuko.

— Basi nipe Mikinduri. Cicily.

Hii ikaita. Ikachukuliwa katikati ya vicheko vya watu.

— Haloo?

— Cicily? Hapa ni hospitali, Embu. Ulijiandikisha kutoa damu, na sasa...

— Mimi? Hata sindano naogopa! Namba yangu umepewa na nani?

— Iko kwa kompyuta.

— Aa, kompyuta! Huyo ni Mwendwa wangu anakuchezea. Si ndiye hutengeneza hizo vitu huko Embu? Ngoja nimwite, yuko na wazee. Leo baba amepokea bunda la miraa!

Kagwiria alishika meza. Kwa Wameru, bunda la posa likipokelewa, msichana tayari ana mwenyewe. Na Mwendwa, aliyeiandika programu hii kwa lugha ya Java, alimuaga Ijumaa akisema anaenda kumwona mamake mgonjwa. Desemba alikuwa apeleke bunda Kanyakine, kwa kina Kagwiria.

— Haloo?

— Mwendwa, ni mimi, Kagwiria.

Vicheko vikafifia; alikuwa anatoka penye watu.

— Kagwi, wacha nikueleze...

— Hiyo baadaye. Igoki anavuja damu. Mbona kompyuta inanipa watu hawako?

Mwendwa alishusha sauti.

— Wale wageni waliokuja Ijumaa kutazama programu. Sikutaka waone majina ya watu, nikaweka data ya majaribio. Ni majina ya kubuni. Nikasahau kurudisha.

— Na Cicily ni wa kubuni?

— Nilikuwa najaza tu. Nikaandika namba ninayoijua kwa kichwa.

Namba ya Kagwiria hakuiandika. Hilo lilimchoma, akaliweka kando.

— Nirudishe vipi? Haraka!

— Fungua faili ya mipangilio. Kuna mstari wa chanzo cha data. Futa "majaribio", andika "embu". Ukikosa mtu hapo, andika "meru". Usiguse kingine. Funga programu, uiwashe upya.

Aliandika. Mashine ikaanza kukoroma polepole, kama haina mgonjwa.

— Na mbona haikuniambia ni majaribio?

— Haijui, Kagwi. Haijichagulii data, inakabidhiwa kutoka nje ikiwaka. Ikipewa ya Embu inafanya kazi, ikipewa ya uongo inafanya kazi vilevile. Niliiandika hivyo kusudi, isijue.

— Kama mimi, alisema Kagwiria, akakata simu.

Jina la kwanza la kweli lilikuwa Ireri, fundi wa viatu hapo nje ya geti. Alikuja mbio na aproni yake, akalala, akanyoosha mkono. Nesi alikuwa bado anamfunga mpira alipoingia mwenzake kutoka wodini.  Huyo aliinama, akaufungua ule mpira.

— Kwani nimechelewa? Ireri aliuliza.

— Si wewe, mzee wangu, Kagwiria alisema. Wewe ungeitwa asubuhi.

Walimzika Igoki huko Kanyakine, mvua ikinyesha. Mtoto alikuwa mgongoni kwa nyanya yake, analia kwa nguvu kama anayemwita mtu. Mwendwa alikuja amevaa suti aliyoendea posa, akasimama nje ya ua.

— Kagwiria, niliandika programu, sikuua mtu! Nisamehe. Nitaibadilisha, iandike juu ya skrini kwamba ni majaribio...

— Ibadilishe. Wengine watazaa pia. Lakini hapa usiingie.

Nyuma yake alitokea msichana wa leso nyeusi, viatu vimejaa matope ya safari. Alimpita Mwendwa bila kumtazama, akaingia uani.

— Dada, mimi ndiye uliyenipigia simu. Nilicheka. Sikujua kuna mtu anakufa.



— Na bunda?

— Nimemwambia baba hilo alitafune tu. Mimi siolewi nalo.

Kagwiria akasogea kwenye benchi.

— Kaa, Cicily. Umenyeshewa.

Uji wa waombolezaji uligawiwa kila mtu. Kikombe cha Mwendwa hakikutoka jikoni.