Salamu za Kipimahali

Kipimahali, mashine ya hospitali ya kujulia wagonjwa hali, kilikuwa na adabu kuliko madaktari wengi wa Dodoma. Kila Jumatatu kiliwapigia simu watu waliofanyiwa upasuaji wa nyayo na vifundo vya miguu, kikawaamkia wakubwa shikamoo, kisha kikauliza, "Mguu unaendeleaje?" Majibu kiliyageuza kuwa alama. Aliyepata chini ya sabini aliitwa hospitali. Aliyepata tisini au zaidi mara tatu, faili lake lilifungwa.

Mhandisi Yusta Mbwambo ndiye aliyekifundisha kusikiliza, na kwa miaka minne alitembea kifua mbele. Alikuwa na haki. Zamani daktari alitazama picha ya mfupa tu, akatangaza umepona, bila kumuuliza mwenye mguu.

Asubuhi moja Chilewa, daktari wa upasuaji, alimwita wodini.

"Kifundo cha bandia tulichomwekea huyu mama kimelegea, usaha umeingia mfupani. Saa nane tunaukata mguu," alisema. "Kipimahali kilimpa tisini na sita."

Kitandani alilala Bi Ruzuna, fundi cherehani, jasho likimtiririka, shuka amelikunja ngumini.

"Shikamoo, mama," Yusta alisema.

"Marahaba, mwanangu."

"Unaendeleaje?"

"Namshukuru Mungu."

Yusta alishtuka. Ndilo jibu lililorekodiwa Jumatatu tatu mfululizo.

"Mama, mbona hukukiambia kwamba unaumia?"

"Kimeniamkia vizuri, nami nikakijibu vizuri. Mtu akikujulia hali, utaanza kumlilia papo hapo? Nilingoja salamu ziishe tuzungumze." Alivuta pumzi. "Chenyewe kikashukuru, kikakata simu."

Salamu hizo Yusta alilelewa nazo, alijua vyema kwamba ni mlango tu wa mazungumzo, na bado aliifundisha mashine iishie mlangoni. Aliona aibu, akaushika mkono wa Bi Ruzuna mpaka walipokuja kumchukua.

Saa nane alikizima Kipimahali, akafungua mafaili yaliyofungwa. Yalikuwa zaidi ya elfu nne. Akapiga simu ya kwanza yeye mwenyewe, kwa mzee mmoja wa Kondoa mwenye alama tisini na nane. Wakaamkiana.

"Namshukuru Mungu," mzee alisema.

Yusta hakukata. "Na asubuhi, baba, ukishuka kitandani?"

"Eeh, hapo sasa, mwanangu," mzee alisema. "Huwa natambaa."