Besi ya Luhaga

Mdogo wangu Luhaga alikuwa na mikono ya fundi na akili ya mbuzi. Nasema hivyo nikimpenda. Jumamosi ile nilirudi kutoka sokoni Mwaloni na ndoo yangu ya dagaa, nikamkuta amekaa uani, vitu vya nyumba nzima vimemzunguka, anapiga mluzi. Ubavu wa kitanda changu ulikuwa mapajani mwake.

"Luhaga, hicho si kitanda changu?"

"Kilikuwa, dada. Sasa ni shingo ya gitaa."

Mwaka ule ulikuwa wa foleni. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha, na dukani ulikuta rafu tupu na mwenye duka anapiga miayo. Kama sabuni hakuna, nyuzi za gitaa utazitoa wapi? Vijana wa mtaa wetu walikuwa na bendi yao, magitaa mawili na ngoma, na Saba Saba walitakiwa wapige mbele ya watu. Kilichokosekana ni besi. Luhaga akaapa ataiunda mwenyewe. Kifuniko cha sanduku la unga kikawa mwili. Mpini wa mwiko wangu ukakatwa, ukawa kipande cha kunyanyulia nyuzi. Spika ya redio mbovu akaibandika chini ya nyuzi, akaunganisha waya kwenye redio nzima ya marehemu baba, akakung'uta uzi mmoja. Mabati yakatetemeka. Nikamtukana, halafu nikacheka, halafu nikacheza kidogo na ndoo yangu kichwani. Ilikuwa inalia vizuri, jamani.

Nyumba zetu zilikuwa mlimani, juu ya mawe, Kirumba iko chini kule. Gari lilikuwa halifiki. Kwa hiyo mtaa mzima ulitegemea baiskeli ya baba. Haikuwa na breki za vyuma kama za watu wengine, ilikuwa ya kisasa, ya breki za waya, na baba akiwa hai aliringa nayo sana. Ilikaa ukutani kwetu bila kufuli. Mwenye mgonjwa haombi. Anachukua, anapaza sauti, "Nimechukua!", anaondoka. Baba aliuweka utaratibu huo baada ya mama kufia mlangoni tukisubiri usafiri, na tangu hapo hakuna aliyeuvunja.

Alasiri hiyo hiyo nikasikia, "Nimechukua!" Alikuwa jirani yetu Shimba, mpakizi wa bandarini. Mkewe Ng'washi alikuwa ameshikwa na uchungu wa mtoto wa kwanza. Akampakia kwenye karia, kanga imefungwa vizuri kiunoni, nami nikatoka kuwaaga. Walipopita kibandani kwa Bibi Dorotea, yule mjane mkausha samaki, bibi akainuka kwenye moshi wake akapunga mikono. "Msishuke na hiyo! Mwanangu, mshushe mkeo, mtembee!" Shimba hakumsikiliza. Mke ana uchungu, atembee vipi?

Niliona kwa macho yangu. Baiskeli ilishuka, ikaongeza mwendo, ikazidi kuongeza. Ng'washi alipiga kelele neno moja. "Shika!" Halafu wakaligonga jiwe kubwa kwenye kona.

Shimba alivunjika mkono. Ng'washi alikufa pale pale, na mtoto tumboni. Luhaga ndiye aliyefika wa kwanza. Wengine tulipokuwa tunamfunika marehemu, yeye aliibeba ile baiskeli begani, akaifungia stoo. Alilia kuliko mwenye mke. Watu wakamsifu kwa moyo wake.

Baada ya matanga maneno yakaanza. Shimba alisema alibana breki zote mbili kwa nguvu zake zote na hazikushika kitu. Breki nzima, baiskeli imetumika wiki nzima, zinagomaje? Mtu akakumbuka kibanda cha moshi. Nani alisema msishuke? Alijuaje? Na yale macho yake mekundu? Moshi wa kukausha samaki miaka yote ile ungekuachia macho ya rangi gani wewe? Lakini nani anafikiri akishapata wa kumlaumu. Vijana wakaanza kupita mbele ya kibanda chake na mapanga, wanayanoa kwenye mawe yake, hawasemi kitu. Usukumani kila mtu alijua bibi mwenye macho mekundu huitwa mchawi, na huishia wapi. Balozi wetu wa nyumba kumi, mzee Ngosha, akaitisha kikao cha saa kumi jioni, Dorotea ajibu mbele ya watu. Alitumaini kikao kitawatuliza. Mimi sikutumaini.

Siku ya kikao, mchana kweupe, nilikuwa ninapepeta mchele. Luhaga alikuwa kitandani amejifunika gubigubi tangu asubuhi. Bendi walikuwa wamemfuata mara kadhaa na akawafukuza. Besi ilining'inia ukutani. Redio ilikuwa imezimwa.

Besi ikalia.

Nikadhani ni panya. Nikaendelea kupepeta. Ikalia tena, ule uzi mnene, chini kabisa, mpaka nikausikia kwenye magoti. Haukukoma. Ulianza taratibu. Ukaongeza mwendo. Ukazidi kuongeza.

Nikaweka ungo chini, nikaenda kuuzima kwa kiganja. Ukawa unatetemeka chini ya mkono wangu. Niliukandamiza kwa mikono yote miwili. Ulikuwa wa moto. Ulilia vile vile.

"Hausimami," Luhaga alinong'ona kutoka chini ya shuka. "Toka siku ile hausimami."

Halafu mlio ukakatika ghafla, kama kitu kimegonga. Na katika ule ukimya nikasikia pumzi ya mwanamke, karibu na sikio langu.

"Shika."

Mchele wote ulikuwa sakafuni. Sijui niliupiga teke saa ngapi. Nilikuwa bado nimeshikilia uzi, na pale mwisho wake, ulipopitishwa kwenye mbao, vidole vyangu viligusa kitu kidogo cha duara. Kichwa cha waya, cha madini ya risasi. Kile kinachokaa ndani ya kishikio cha breki. Baba alinifundisha kukipachika nikiwa mtoto.

"Luhaga. Waya hizi umezitoa wapi?"

Alijikunja ukutani.

"Luhaga!"

"Nilitaka kujaribu tu, dada. Jioni ningezirudisha. Mimi mwenyewe nilishuka nayo kijiweni asubuhi hiyo, nikawa nasimamisha kwa katambuga kwenye tairi, nikaona inatosha. Nikasema, nani ataumwa leo?"

Nilimpiga kofi. Sijuti. Halafu nikakaa chini kwenye mchele, nikalia naye, maana ni mdogo wangu na mama aliniachia mimi.

"Saa kumi wanamhukumu yule bibi," nikamwambia. "Utasema."

"Shimba ataniua."

"Usiposema wewe, nitasema mimi. Simama."

Kikaoni watu walijaa mpaka juu ya mawe. Dorotea alikalishwa chini mchangani, kilemba kimemtoka, mvi ziko wazi. Mzee Ngosha akauliza kama yupo wa kumtetea. Vijana wa mapanga walikuwa wamekaa mbele. Luhaga alisimama pembeni yangu, amekumbatia besi ndani ya gunia. Nilimfinya. Akalibana gunia zaidi. Ngosha akauliza mara ya pili. Nikafungua mdomo niseme mimi.

Gunia likalia.

Kila mtu alisikia. Taratibu. Haraka. Haraka zaidi. Mtoto mmoja akaanza kulia. Shimba, mkono umefungwa kwenye kanga ya marehemu, aliinuka, uso umebadilika. Yeye alikuwa amewahi kuusikia mwendo ule.

Luhaga akapiga magoti. Akalichana gunia, akaiweka besi mbele ya Shimba.

"Breki zako ni hizi, kaka. Nilizitoa mimi. Bibi hana kosa."

Sauti ikakoma.

Shimba aliinama, akazigusa zile waya. Nilitamani ampige. Sote tulitamani ampige. Yeye akauliza kwa sauti ndogo tu, "Zingekuwepo, angefika?"

"Angefika," Luhaga akasema.

Bibi Dorotea alikuwa anajifunga kilemba. "Nilimwona asubuhi ya siku ile akisimamisha kwa mguu," alisema. "Ningemtaja mimi, nani kati yenu angeniamini?" Hakuna aliyemwomba radhi, watu walitazama chini wakaanza kuondoka mmoja mmoja, na wale vijana wakaficha mapanga nyuma ya migongo yao kama watoto walioiba sukari.

Balozi aliifungia besi na mabaki ya baiskeli chumbani kwake, mpaka polisi waje kumchukua Luhaga asubuhi. Ufunguo alilala nao.

Asubuhi Shimba ndiye aliyetuita. Alikuwa amechuchumaa kwenye kona, mbele ya lile jiwe. Tulishuka wote: mimi, Luhaga, mzee Ngosha na askari wawili.

Juu ya mwamba wa njia kulikuwa na mstari mweusi wa mpira, mnene, mrefu. Ni ule ambao tairi huacha likishikwa breki kwa nguvu. Jana haukuwepo. Wanawake tulipita pale na ndoo za maji hadi magharibi. Shimba aligusa, kidole kikawa cheusi. Balozi akarudi mbio kwake, akafungua chumba, akaja akitikisa kichwa. Baiskeli ilikuwa pale pale imepinda, bila waya. Waya zilikuwa kwenye gitaa.

Mstari ule ulianzia juu kabisa, kwenye nyumba yetu. Ukashuka, ukanyooka, ukakaribia jiwe. Ukaishia hatua moja kabla.

"Hapa," Shimba alisema. "Angeshukia hapa."

Askari walimwambia Luhaga twende. Alivua katambuga, akausogelea mwisho wa ule mstari, akasimama hapo kwa miguu mitupu, macho kwenye jiwe. Walimvuta mkono. Ilibidi wambebe.