Kiti Changu Kilimnasa Mkwe

Wasomaji wenzangu, mimi ni baba wa miaka hamsini, hapa Kindu, mwenye diplome ya masomo ya jioni na hasira ya kuchemsha sufuria bila kuni!

Wakati wa vita, wenye bunduki walipasua viti vyetu vyote wakapikia mihogo. Baba yangu alipokea wageni kwenye mkeka mpaka akafa... Nikaapa: mkwe wangu wa kwanza atakalia kiti kilichotoka mikononi mwangu.

Basi, binti yangu Zaina akachumbiwa na kijana wa Kailo. Nikachonga kiti, wasomaji, kiti cha kumliza gavana kwa wivu! Nikakipaka verni, ile rangi ya kung'arisha mbao, mara tatu, ya mwisho Alhamisi. Wakwe wanakuja Jumamosi. Na mvua, loo, haikatiki!

Kaka yangu Sumaili, fundi mbao wa miaka mingi, akagusa kwa kidole kimoja.

"Iko kavu, mudogo yangu. Unaogopa nini?"

Kwa nini nisimwamini?

Jumamosi tukamkalisha babu wa mchumba, mzee wa kanzu nyeupe pe. Watu wakajaa, joto likapanda, verni ikaanza kunuka. Mzee akakohoa, machozi yakamtoka... Na kwetu mkwe hanyanyuki kitini kabla ya kuonja chakula. Akiinuka, ameikataa nyumba.

Akainuka. Kiti nacho kikainuka! Kanzu ikapasuka, kraaa, nadhani hata Lubutu, mbali huko, walisikia.

"Munatunasa kama ndege?" mzee akafoka. "Tunaenda!"

Wakaenda, posa na yote.

Nikamtafuta Sumaili kwa macho. Mnajua alikaa wapi? Kwenye mkeka! Tangu asubuhi! Nikamuuliza, ulijua?

"Juu inakauka kwanza, ndani inabakia mubichi," akanijibu bila haya. "Lakini ulikuwa unajisifu sana na kiti yako."

Ndugu wa tumbo moja! Damu yangu inachemka hata ninapoandika haya.

Kijana ameoa kwingine. Nami sijisafishi: harufu niliisikia mwenyewe, nikaipuuza.

Nawaomba, kidole kisiwadanganye! Bonyeza kwa ukucha, sogeza pua. Kama bado inanuka, ngoja. Ngoja wiki, ngoja mwezi! Wageni wakiwahi, watandikie mkeka. Mimi niliuona ni aibu...

Leo kiti kimekauka kama jiwe. Zaina akija kula, ananisalimia kwa heshima, anakipita, anakaa chini.